Zamu za Kusema

Kwa miaka mingi nimehudhuria makongamano nikiwa na kazi moja tu, ukatibu wa vikao. Meza ya katibu huwekwa pembeni, chini ya jukwaa, aghalabu karibu na soketi ya umeme na waya wa projekta. Kutoka hapo wasemaji huonekana kwa ubavu, na ubavu wa mtu hutoa habari ambazo uso wake umezizuia: vidole vinavyopapasa karatasi nyuma ya mimbari, kisigino kinachoinuka kabla ya sentensi ngumu, glasi ya maji inayofikiwa bila kiu ili zipatikane sekunde tatu za kufikiri.

Ratiba huwaita wote hao wasemaji. Ni sawa na kuwaita wote walio chomboni mabaharia na kuishia hapo, ilhali nahodha, rubani na serahangi kila mmoja ana kazi yake, na safari huharibika mmoja akiivamia ya mwenzake. Katika kongamano la wahandisi, la madaktari, la wahasibu au la walimu wa Kiswahili, maneno hugawiwa watu wengi kwa vipimo. Ustadi ninaoustaajabia ni wa mtu kulijua fungu lake: linaanzia wapi, linakoma wapi, na nani atalipokea kutoka mkononi mwake.

Wa kwanza kusema ni mshereheshaji. Kazi yake huonekana nyepesi mpaka siku anapokosea cheo cha mtu. Lazima ajue nani amekuja kwa niaba ya nani, nani amepandishwa juzi, na jina la mgeni kutoka Bujumbura hutamkwaje. Nilimwona mmoja, mama wa makamo, akizunguka ukumbini nusu saa kabla ya ufunguzi akiwauliza wageni majina yao kwa sauti ya chini, kisha akiyarudia mbele yao mara mbili kama mtoto wa chuoni anayerudia aya mbele ya mwalimu. Alipopanda jukwaani hakukosea hata moja. Tunayo pia ile kauli yetu, "itifaki imezingatiwa", nami naiheshimu sana. Kwa maneno mawili humruhusu msemaji wa pili, wa tatu na wa kumi kuwapa heshima yao wote waliokaa mbele bila kutumia dakika nne kuwataja. Ila kauli hiyo husimama juu ya kazi ya yule mama. Wasemaji wengine wanaweza kusema imezingatiwa kwa sababu kuna mtu aliyeizingatia kweli.

Mgeni rasmi hufungua, hupigwa picha, huaga. Analeta uzito wa ofisi yake, na akiuleta kwa dakika 10 huwa ameleta wa kutosha.

Mzigo wa msemaji mkuu ni wa namna nyingine. Ukumbini huwa wamo wanaomzidi kwa ujuzi wa jambo hili au lile, naye anajua hivyo. Anachodaiwa ni kuwapa watu wa vikao vyote, ambao kwa siku mbili au tatu watatawanyika kwenye vyumba mbalimbali, neno moja watakalolikuta kila waingiapo. Mfano mkubwa wa kwetu ni wa Nairobi, Septemba 1973. Jumba la mikutano la KICC lilikuwa jipya, mnara wake wa ghorofa 28 ukiwa na ukumbi kando yake ulioumbwa kama ua lililofumba. Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walikuwa wamekuja kufanya mkutano wao wa mwaka barani Afrika kwa mara ya kwanza. Robert McNamara, rais wa Benki, alisimama akatenganisha umaskini wa kulinganisha, ule wa mtu aliye na kidogo kuliko jirani, na umaskini uliokithiri, wa mtu asiyepata hata kile kinachohitajika ili aishi kama binadamu. Kisha akaweka lengo: uzalishaji wa wakulima wadogo ufikie kukua kwa asilimia 5 kila mwaka ifikapo 1985. Mimi ni mmoja wa wanaobishana na mengi yaliyofanywa na Benki hiyo vijijini kwetu. Lakini kwa upande wa ufundi wa kusema, naona mtu aliyechukua jambo lililokuwa limesambaa kwenye majedwali akalipa jina na kipimo, watu wakatoka ukumbini nalo na likaingia kwenye ripoti na mihadhara ya miaka iliyofuata.

Msemaji mkuu bora niliyewahi kumwandikia muhtasari alipewa dakika 45 akatumia 35. Dakika 10 zilizobaki aliziacha zikae. Watu walikwenda kunywa chai wakizungumza, na waliporudi kila mtoa mada alikuwa amekwisha kupata mahali pa kufungia kamba yake.

Watoa mada ndio wengi, na maisha yao ni ya dakika 15, pamoja na tano za maswali. Hapa Kiswahili kina hesabu yake. Tukiambiwa na wageni kwamba mtu husema maneno 130 kwa dakika, hayo ni maneno ya Kiingereza. Neno letu hubeba shehena kubwa zaidi. "Wasingalitutegemea" ni neno moja, na ndani yake mna wao, mna ukanushi, mna sharti na wakati uliopita, mna sisi, mna kitendo chenyewe. Anayelisoma upesi hulibomoa. Kwa kipimo changu, nilichochukua kwa saa ya mkononi kikao baada ya kikao, dakika 15 za Kiswahili kinachosikika ni kurasa sita zilizochapwa kwa nafasi mbili, na hata hizo ni kwa mtu asiyepumua sana. Ndiyo maana moyo wangu huanza kwenda mbio nikimwona mtu akipanda na kurasa 20. Atasema "nitaruka hapa" mara saba, na kila arukapo wasikilizaji huhisi wamenyimwa kitu, hata kama kilichorukwa hakikuwa na thamani.

Mtoa mada stadi hukata nyumbani. Namkumbuka binti mmoja, mtafiti wa maji, aliyekuja na slaidi saba tu kuhusu pampu za visima vya vijiji. Alianza na matokeo: pampu nyingi zilizosimama, alisema, zilikwama kwa kukosa kipuri kidogo cha mpira. Wengine wangelificha hilo hadi mwisho. Yeye alilitoa mwanzoni, kisha akatumia muda uliobaki kuonyesha amelijuaje. Kwenye slaidi ya nne projekta ilizimika. Hakumwita fundi wala hakuomba radhi. Aligeuka kidogo, akanyoosha mkono hewani na kuuchora mchoro wake mbele yetu: mstari unapanda hivi mpaka Machi, mvua zinaanza, unaanguka hivi. Watu mia na zaidi walikitazama kiganja cha mkono wake kama ubao. Nilipoandika muhtasari jioni, mstari ule nilikuwa bado nauona.

Sasa nifike kwa mwenyekiti wa kikao, ambaye ningeweza kumwandikia kitabu.

Ukijumlisha maneno yake yote hayafiki ukurasa mmoja na nusu, na katika machapisho ya kongamano jina lake halimo, au limo kwa herufi ndogo. Mara nyingi huonekana kama mtu aliyewekwa pale kushika saa. Lakini mfuate tangu asubuhi. Wakati wa chai huwatafuta watoa mada wake mmoja mmoja. Huuliza jina lako tulitamkeje, Daktari au Bibi. Kisha huuliza swali ambalo nimesikia wachache tu wakiliuliza, na wote walikuwa mahodari: "Ukibanwa na muda, utakata wapi?" Aliyeulizwa hivyo saa tatu hukata kwa heshima saa sita. Asiyeulizwa hukatwa katikati ya sentensi.

Tazama pia anakokaa. Mwenyekiti asiyejua hukaa katikati ya meza kuu, nyuma ya msemaji, kwa hiyo kadi zake za dakika tano, mbili na moja huonwa na ukumbi mzima isipokuwa mhusika. Anayejua huteremka akakaa safu ya kwanza, upande ambao msemaji hutazama bila kugeuka, na kadi huinuliwa kimya kimya usawa wa kifua. Msemaji huitikia kwa kope tu.

Kipimo cha mwisho ni pale kijana anapomwongoza mzee. Nilikuwepo siku mwenyekiti wa miaka thelathini na kitu alipokuwa na profesa aliyewafundisha nusu ya waliokuwa ukumbini, pengine na wazazi wa wengine. Muda ulikwisha, dakika tatu zikapita juu yake. Kadi hazikuonwa, au zilionwa zikasamehewa. Yule kijana hakugonga glasi. Alisimama taratibu, akaenda hatua mbili kuelekea mimbari, akasubiri mzee avute pumzi, kisha akasema kwa sauti iliyofika ukumbi wote: "Mwalimu, shikamoo. Tunaomba sentensi moja ya kufungia, mengine tutayavuna kwenye maswali." Mzee alicheka, akaitikia marahaba, akatoa sentensi moja, na ilikuwa sentensi bora ya asubuhi ile. Nimeifikiria sana salamu hiyo. Iliweka kila mtu mahali pake kwanza, mkubwa na mdogo, na baada ya hapo ombi halikuwa na ukali wowote.

Kwenye maswali mwenyekiti hupokea matatu kwa pamoja, huyapanga kichwani, na akiyarudisha kwa mtoa mada huyarudisha mafupi kuliko yalivyokuja. Huanza kunyoosha kidole kwa safu ya nyuma, kwa sababu safu ya mbele hujichukulia zamu. Anayesimama kuhutubia badala ya kuuliza humwambia, "Ndugu, tumepokea mchango wako, na swali ni lipi?" Na mfukoni huwa na swali lake mwenyewe, la akiba, aliloliandaa usiku kwa kusoma makala zote nne. Hulitoa pale tu ukumbi unapokaa kimya baada ya kijana anayewasilisha kwa mara ya kwanza maishani. Kimya hicho nimekiona kikimvunja mtu. Swali la akiba la mwenyekiti, hata dogo, humpa mtu huyo sababu ya kurudi mwaka ujao.

Karibu yake hukaa mchokoza mada. Napenda jina hili kuliko majina yote ya wasemaji. Kuchokoza, kwa watoto, ni kumgusa mwenzio ili ainuke mcheze, na kazi yenyewe iko hivyo: amesoma makala kabla yetu, sasa anaigusa pale penye hisia ili iinuke. Watu hudhani sanaa hii imekuja na vyuo vikuu. Pwani yetu iliijua kwa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 19, alirushiana mashairi na Zahidi Mngumi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa ikivutana kwa silaha, na sheria ya mchezo ilikuwa kali. Anayejibu haji na bahari yake. Huingia kwenye mizani ya mwenzake, mara nyingi hata kwenye vina vyake, ili kila msikiaji ajue kwamba ameyasikia yaliyosemwa kabla ya kuyapinga. Ukishindwa kulishika umbo la hoja ya mwenzako, hujamjibu, umeimba peke yako.

Mchokoza mada hodari hufanya vilevile. Dakika mbili za kwanza huisimulia makala upya, kwa ufupi na kwa haki, na mimi kutoka mezani kwangu humtazama mwandishi wa makala: anatikisa kichwa kukubali? Wapo wanaosikia kazi yao ikielezwa vizuri kuliko walivyoieleza wenyewe, na uso wao hufunguka. Hapo ndipo anapouliza lile moja linalouma. Makala nzima husimama juu ya dhana fulani ambayo haikutajwa popote, naye huitaja.

Mara nyingine mchokozi hakualikwa, akaja mwaka mmoja baadaye. Juni 1962 waandishi wa Kiafrika wanaoandika kwa Kiingereza walikutana Makerere: Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, na Ngũgĩ akiwa bado mwanafunzi hapo. Waliuliza fasihi ya Kiafrika ni nini. Kwa masharti ya mwaliko, mtu aliyeandika kwa Kiswahili hakuwa na kiti, na Juni hiyohiyo Shaaban Robert alifariki. Dhana iliyobeba kongamano lote haikuwa na wa kuichokoza ukumbini. Ilimngoja Obi Wali wa Nigeria, ambaye mwaka 1963, katika jarida la Transition lililochapishwa Kampala, aliandika kwamba njia ya kuandika kwa lugha za wakoloni haina pa kutokea. Ghasia za majibu zilijaza kurasa za jarida hilo, na Ngũgĩ mwenyewe alikuja kulirudia swali hilo la lugha kwa maisha yake yote. Nikisoma habari za Makerere ile huwa najiuliza kikao kingekwendaje kama Wali angepewa dakika 10 na kipaza sauti, na makala mkononi mwake wiki mbili kabla.

Kuna msemaji mwingine aliye ndani ya ukumbi na asiyeonekana na yeyote. Yumo kwenye kibanda cha kioo nyuma, na sauti yake imo masikioni mwa watu. Ukalimani wa papo kwa papo kwa mitambo ulijipatia jina katika kesi za Nuremberg zilizoanza Novemba 1945, kwa lugha nne, wakalimani 12 kila zamu. Msemaji aliyekwenda kasi aliwashiwa taa ya njano, na taa nyekundu ilimsimamisha kabisa. Natamani taa ya njano irudishwe katika kila ukumbi wa Afrika Mashariki. Arusha, katika jumba la mikutano la AICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliendesha kesi zake kwa Kiingereza na Kifaransa huku mashahidi wengi wakisema Kinyarwanda, na kilichowafikia majaji kutoka kwa mashahidi hao kilipita kwanza kinywani mwa mkalimani.

Kiswahili kina mateso yake kibandani, na wakalimani waliniruhusu siku moja nikae nao niyaone. Kiingereza hutanguliza sifa: msemaji hutaja kwamba kitu ni kipya, ni kikubwa, ni cha kudumu, kabla ya kukitaja chenyewe. Sisi hatuwezi. "Kubwa" ipi? Mradi mkubwa, kituo kikubwa, barabara kubwa, majengo makubwa. Bila nomino hakuna ngeli, na bila ngeli kinywa hakifunguki. Basi mkalimani huzishika sifa zote kama fundi cherehani anavyoshika pini kwa midomo, akingoja nguo ifike. Ikifika, huzichomeka zote kwa mpangilio wetu, huku masikio yake yakiwa tayari kwenye sentensi inayofuata. Akigeuka kwenda Kiingereza hukutana na mtego mwingine. "Daktari alimwambia mgonjwa atapona" haisemi nani mwanamume na nani mwanamke, na lugha ile nyingine inamtaka aseme sasa hivi. Nilimwona mmoja akirudia "daktari" na "mgonjwa" mara nne, akikwepa viwakilishi, mpaka msemaji alipotaja kwamba mgonjwa alikuwa mjamzito. Mabega yake yakashuka. Baada ya nusu saa alimpa mwenzake ishara, wakabadilishana bila neno kuanguka katikati.

Mwaka 2004, Addis Ababa, Joaquim Chissano, rais wa Msumbiji, aliwahutubia wakuu wa Umoja wa Afrika kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Umoja huo ukakipitisha kuwa lugha ya kazi. Kila mtu humkumbuka aliyesimama jukwaani. Mimi humfikiria pia yule aliyekuwa amevaa hedifoni.

Na mimi je, katibu? Zamu yangu huja siku ya mwisho, dakika saba za kusoma maazimio na muhtasari wa vikao. Nimejizoeza kuandika hoja kwa maneno ya mwenyewe pale aliposema vizuri, na kumsaidia kidogo pale alipojikwaa, bila kuongeza lisilokuwepo. Wakati nasoma huwa nawatazama watoa mada. Yule binti wa visima aliposikia kipuri cha mpira kimetajwa ndani ya azimio la pili aliinamisha kichwa akaanza kupanga karatasi zake zilizokuwa zimekwisha kupangika.

Kisha huja neno la shukrani. Aliyechaguliwa kulitoa huwashukuru waandaaji, wafadhili, wapishi, mafundi mitambo, madereva. Husema asanteni sana, watu hupiga makofi na kuanza kukusanya mikoba. Wageni wachache huwa bado wamekaa, hedifoni masikioni, macho yakielekea nyuma ya ukumbi. Kibandani mkalimani yuko sekunde nne nyuma ya kila mtu, anamalizia madereva, anavuta pumzi, na ndipo anaposema asante.